Mzee Aliyeniamkia Kwenye Shamba la Ngano

Kosa langu lilikuwa kuitikia. Najua wengine mtasema hiki kisa nimekiokota mtandaoni. Njooni Basotu mnione kwanza, ndipo mseme.

Nilikwenda likizo kwa mjomba, mwenye shamba la ngano ambalo ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake. Alikuwa amenunua trekta jipya, na alisema kabla likizo haijaisha atachagua wa kumkabidhi: mimi, au mwanawe Paskali. Tumelingana umri. Ila Paskali amekulia juu ya trekta, mimi nilijifunza kwa video za simu, nikirudia kila moja hadi macho yakaniuma. Sikutaka tu kuweza. Nilitaka mistari yangu inyooke kuliko yake.

Siku ya kujaribiwa, yote ilipinda.

"Fundi wa simu, umelima nyoka," Paskali akasema. Vibarua wakacheka, wale wale waliokuwa wakimwita Paskali bosi. Kwa wivu niliuacha ugali wa mchana. Nikaondoka peke yangu kuzunguka shamba.

Jioni, ukungu ukiteremka kutoka Mlima Hanang, nikamwona mzee akitokea kwenye mabua ya ngano. Alikuwa amejifunga shuka begani, lubega, mgongo umepinda, anaegemea fimbo. Ng'ombe hakuwa nao, lakini kengele zao nilizisikia karibu kabisa. Niamini. Kabla sijafungua mdomo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwenye shamba."

Wewe ungefanyaje? Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua mzee haamkii kijana. Ilinipasa nimkatize, nimwamkie mimi. Lakini tangu nifike nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aniite hivyo. Nilitamani hata Paskali angekuwepo asikie.

"Marahaba," nikasema.

Akacheka, na cheko lilikuwa la kijana. Akanyoosha mgongo, akanipa fimbo yake, akaondoka kwa hatua ndefu. Kengele zikanyamaza. Nikajikuta nimeiegemea ile fimbo.

Nilipofika nyumbani, mke wa mjomba akanishangaa. "Umejimwagia unga kichwani?"

Paskali akaja akicheka, akanipangusa nywele. Akatazama kiganja chake. Kilikuwa safi. Cheko likakatika, akarudi nyuma.

"Shikamoo," akasema taratibu, na nadhani hata yeye hakujua kwa nini.

Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha trekta. Nywele zote zilikuwa nyeupe, na shingo ilikuwa na mikunjo ambayo asubuhi haikuwepo.

Hospitali walinipima, hawakuona ugonjwa. Magoti yananiuma, na ngazi ya trekta siiwezi. Mjomba akasema kwa upole, "Hii kazi ni ya vijana, baba." Hakuwahi kuniita baba.

Wewe unayesoma, ukiamkiwa na mtu anayekuzidi umri, usiitikie, hata akikuita lile jina unaloliota. Mwamkie wewe, upite.

Sasa trekta ni la Paskali. Hanitanii tena. Kila asubuhi ananiamkia kwa heshima zote, halafu anawasha injini, na mimi bado namwonea wivu.