Karani Aliyehesabu Kwale wa Nduruma

Kila alfajiri Sifael alimwona yule karani wa Bwana Shamba akivua viatu ukingoni mwa shamba, akivitundika shingoni kwa kamba zake na kuingia peku ili asisikike. Alikuja Nduruma kuhesabu kwale, ambao siku hizo walikuwa wa kutafuta. Macho aliyafumba; alihesabu kwa sikio. Kwa kila dume aliyewika alihamisha punje moja ya haragwe kutoka mfuko wa kushoto hadi wa kulia, taratibu, kama anayeogopa kuiamsha.

Amri ya Disii, mkuu wa wilaya, ilisema hivi: wakifika madume kumi, wakulima waruhusiwe kutega, wasipofika, ni marufuku. Sifael, mkulima aliyefukuliwa mbegu za mahindi na kwale hao mara mbili, alikuwa akizihesabu punje zile kwa mbali, akajua karani ana tisa tu. Asubuhi ya mwisho ya hesabu akajibanza nyuma ya kichuguu, akawika kama alivyozoea utotoni kuwavuta mtegoni. Aliwika vizuri mpaka akajisifu moyoni. Karani akashika punje, akangoja, akangoja sana. "Toka huko, Baba Resiato," akasema, macho bado kayafumba. "Umande utakuletea kifua." Sifael akatoka, suruali chapachapa. "Umejuaje?" "Dume akiwika, jirani yake humjibu kwa hasira. Wewe wamekunyamazia wote." "Basi andika kumi tu, Bwana Karani. Nani atakuja kuhesabu tena?" "Mimi," karani akasema, "mwakani." Akaandika tisa. Sifael akarudi nyumbani kumwomba mkewe mbegu za kupanda mara ya tatu.