Magodoro ya Kunyamazisha Sebule

Fundi wa sauti wa kituo cha redio alikuwa rafiki yangu, lakini alikuwa msema kweli wa kuudhi. Kanda ya kwanza aliyonirekodi nikipiga gitaa aliisikiliza mpaka katikati tu, akaizima.

"Minasikia chumba," aliniambia. "Gitare iko wapi?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, maana alisema kweli. Sebule ya nyumbani kwetu Kadutu ilikuwa bati juu, saruji chini na pande zote. Ukipiga kofi moja, kuta zinakurudishia mengi. Sauti ya gitaa ikitoka kwenye ampli ilizunguka humo kabla ya kunaswa na mikro, na kila noti ikaikanyaga nyingine. Fundi alikubali kuja na mashine yake ya kurekodia mara moja tena, Jumamosi mchana. Redio ikikataa na hiyo, basi. Tonton, mdogo wake maman, alikuwa amenipatia nafasi kwenye mashimo ya dhahabu kule Luhwindja, na angenipitia Jumatatu. Niliyaogopa yale mashimo, na sioni haya kuandika hivyo.

Wiki hiyo yote maman alishinda kitandani na malaria, ila homa ilikuwa imeanza kushuka. Jumamosi fundi na mimi tukafanya kazi kwa kunyata, tusimwamshe. Kabati, meza na viti tukavitoa nje, uani, kwa sababu vioo na mbao vilitetemeka kila nilipogusa uzi mnene. Magodoro tukayaingiza sebuleni, tukayaegemeza ukutani, na blanketi tukaitundika nyuma ya mikro. Ampli tukaiinua kutoka sakafuni, tukaipunguza sauti, mikro tukaisogeza karibu kabisa na spika. Nikapiga kofi. Ukuta ukajibu, kwa ujeuri uleule.

Hapo ndipo niliposikia kilio mlangoni.

Kwetu, viti vikitolewa nje na magodoro yakiingia sebuleni, hakuna anayeuliza: ni msiba. Wanawake watakaa ndani kwenye magodoro, wanaume nje kwenye viti. Na sisi wapumbavu wawili tulikuwa tumefanya hivyo mchana kweupe, huku mtaa mzima ukijua kwamba maman ni mgonjwa. Majirani wanawake waliingia wamejifunga vitenge, wakajitupa chini wakilia. Nilijaribu kueleza, lakini nani angenisikia?

Mlango wa chumba ukafunguka. Maman akasimama pale, kitambaa cha kichwani kimeenda upande.

"Munalia nani?"

Kisha yule aliyelia kuwapita wote akajibu, "Weye, maman!"

Akamrukia shingoni. Wakacheka, wakalia tena, sasa kwa furaha. Wakamkalisha katikati yao na kumshikashika mikono, wala hakuna aliyetaka kuondoka. Hata mimi nilifuta machozi.

Fundi peke yake hakucheka. Alipiga kofi, na sauti ikafa palepale. Akapiga tena. Sebule ilikuwa imejaa watu na vitenge, na hao wote walikuwa wakimeza ule mwangwi uliotushinda.

"Mutu asitoke," akasema. "Bamaman, tafazali, mukae vile muko. Musikohoe."

Nikapiga gitaa. Sijawahi kusikilizwa vile, na watu waliokuwa na furaha vile. Noti ilitoka, ikasimama yenyewe, ikaondoka. Kanda ilipokwisha, fundi alivua kaske masikioni.

"Sasa minasikia gitare."

Nikakaa sakafuni na kushusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la makaa. Jumapili baada ya misa alirudi na jibu: redio imeikubali, na wanataka nyingine. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma.

Jumatatu asubuhi tonton alifika, mfuko begani, akauliza kama niko tayari. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Maman alikuwa uani akitwanga majani ya sombe, na alimjibu bila kuinua kichwa.

"Uende weye peke. Mutoto iko na kazi."