Kisigino cha Bi Zarina

Haya nitakayokusimulia niliyaona kwa macho yangu, tena alasiri, tena sikuwa nimelewa kitu zaidi ya chai ya tangawizi. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi hucheka nikikumbuka. Ila usiseme nimetunga. Shule niliiacha darasa la tano, kutunga ningejifunzia wapi?

Ulikuwa msimu wa baridi, mwaka uliofuata ule Wahindi wa Uganda walipofukuzwa. Nilikuwa London nikitangatanga: leo naosha vyombo hotelini, kesho nabeba mizigo sokoni. Siku moja nikipita mtaa wa Queensbury nilisikia sarangi ikitoka dirishani, kile chombo cha uta kinacholia kama binadamu. Nikabisha hodi kuuliza ni kitu gani. Ndivyo nilivyo mimi. Mwenye nyumba, Mzee Gulamali, aliyekuwa na duka Kampala, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Ingia," akasema, "lakini hapana sema maneno."

Kila Jumapili wapenzi wa muziki wa kale walikutana pale, kila mtu na santuri aipendayo kuliko zote. Wengi walileta raga, zile tungo za kale za Kihindi. Bwana D'Souza, Mgoa wa Nairobi, alileta fidla za Wazungu na kejeli zake. Sheria zao zilikuwa mbili. Santuri ikianza, mapazia yanashushwa na taa inazimwa, ili masikio yafanye kazi. Na hakuna kusema wala kuinuka mpaka iishe. Mimi nisiye na santuri nikapewa kazi ya mlango: anayechelewa ananikabidhi yake, anaketi gizani atakapopata nafasi.

Mtu mmoja tu hakuketi nasi kamwe. Bi Zarina, mke wa mzee, mzaliwa wa Mombasa kama mimi, tangu waingie nchi hii alijifungia jikoni. Alisema muziki wake ameuacha Kampala. Mumewe alifungua nyumba kila Jumapili kwa ajili yake, akitumaini santuri mojawapo itamtoa. "Leo labda yeye natoka," alininong'oneza kila mara. Hatoki.

"Gulamali," D'Souza humtania, "mkeo anazikimbia raga zako. Hata mimi ningekimbia, ningekuwa na jiko."

Mzee hucheka, lakini akiutazama mlango wa jikoni.

Basi Jumapili hiyo, taa imeshazimwa, mlango ukagongwa. Nikafungua. Mzee mmoja Mwafrika, koti jembamba la kaki katika baridi ile, na mguu mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya wa shaba. Akanipa santuri iliyoviringishwa gazetini.

"Nimechelewa sana," akasema. "Hii kitu iko na wenyewe."

Nikamwonyesha kiti cha mwisho. Niamini, jambo moja lilinishtua: santuri ilikuwa na joto, kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Zamu yake ilipofika niliiweka kwa kupapasa kwenye gramafoni, iliyokuwa kando ya mlango wangu. Ikalia sarangi, taratibu, na nikamsikia Mzee Gulamali akivuta pumzi asiitoe. Kisha sindano ikanasa. Kipande kile kile kikarudi, kikarudi, kikarudi. Nani aivunje sheria? D'Souza akakohoa.

Mara, kutoka jikoni: puu! Kisigino sakafuni. Mbao zikatikisika, sindano ikaruka, sarangi ikaendelea na safari yake.

"Zarina!" Mzee Gulamali akaivunja sheria yake mwenyewe.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bi Zarina kasimama, viganja vimejaa unga. "Ni nani aloileta santuri yangu?" akauliza. "Mguu umekwenda wenyewe, wallahi sikuutuma!"

Nikawasha taa. Kule Kampala, akatueleza akicheka na kulia pamoja, santuri ile ilinasa hapo hapo miaka yote, naye bila kuacha chapati zake huipigia kisigino ikapita. Walipofukuzwa, gramafoni ilikuwa kwa fundi na santuri iko juu yake. Hawakuwahi kuifuata.

Tukageuka kumshukuru mgeni. Kiti kitupu! Na mlango nilikuwa nimeuegemea mimi. Nikaeleza koti, nikaeleza miwani. Mzee Gulamali akaketi chini kabisa, zuliani.

"Huyo Fundi Mukasa," akasema. "Ile waya mimi nafunga, na mkono yangu."

"Basi mpeni chai!" akasema D'Souza. Tukamtafuta hadi chooni.

Baadaye mpwa wa mzee alifika kutoka Kampala. Fundi Mukasa? Alikufa kwa homa, akazikwa kabla ya Jumapili ile. Hakupata kukanyaga hata Mombasa, sembuse Queensbury. Sasa wewe niambie, nilifungulia nani?

Tangu siku ile Bi Zarina huketi mbele, na ndiye anayepanga zamu. D'Souza sharti abembeleze ndipo fidla zake zisikike. Sindano ikinasa, tunangoja kisigino chake, hakuna mwingine anayethubutu. Kiti cha mwisho hakikaliwi. D'Souza alikijaribu mara moja, akainuka upesi, akasema kina joto.

Nawe unayenisikiliza, kama una santuri ya mtu kabatini, irudishe leo, ungali na miguu ya kuendea. Usimwige Mukasa. Alifika, ndiyo, lakini masikini hakupata hata kikombe cha chai.