Ngozi yenye sikio bichi

Simwamini mtu anayeniletea mbuzi huku akicheka. Mtu wa namna hiyo ana jambo. Ama mbuzi anahara, ama mimba imetoka wiki iliyopita, ama mbuzi si wake kabisa na mwenyewe atatokea kesho akipiga kelele mlangoni. Kwa hiyo kabla sijamkaribisha mgeni kiti, ninafungua mdomo wa mbuzi. Natazama ufizi, nanusa pumzi, nainua mkia, nakagua kwato moja moja. Watu wanasema nina dharau. Waseme tu. Nimezaliwa katika kazi hii na najua inavyoweza kummaliza mtu.

Kazi yetu ni kuzalisha mbuzi na kutunza wa watu wengine, hapa Kindu, pembeni ya mji. Baba alinisimulia kwamba zamani mzungu mmoja alileta farasi wawili, akawajengea banda zuri kuliko nyumba za watu, na mbung'o wakawamaliza kabla ya mvua ya pili. Mbuzi wetu wa miguu mifupi hawajali mbung'o. Baba alikuwa na beberu mweusi, ndevu mpaka kifuani, harufu yake ilifika barabarani kabla yake mwenyewe. Majike yaliletwa kwake hata kutoka upande wa Pangi, yakavushwa mto ndani ya mtumbwi yakiwa yamefungwa miguu. Jike likibaki kwetu, mtoto wa kwanza alikuwa wa mwenye mbuzi, wa pili wetu. Hivyo ndivyo tulivyokula na kuvaa.

Asubuhi mama alifagia chini ya zizi, maana zizi letu liliinuliwa juu ya miti na mavi yalidondoka kati ya fito. Mimi nilizunguka kwa akina mama waliokuwa wakimenya mihogo, nikiomba maganda. Maganda mabichi huvimbisha tumbo la mbuzi, basi nilikuwa nayaanika juani na kuyageuza mpaka yakauke vizuri. Shuleni wenzangu walihama benchi langu. Nilinuka beberu, na nilipigana na yeyote aliyesema hivyo.

Kulikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyeziandika. Mwenye mbuzi hukata alama kwenye sikio kwa mkono wake mwenyewe, siku anapomleta. Na mbuzi akifa, mtunzaji hamziki. Anamchuna, masikio yakibaki kwenye ngozi, halafu anaipeleka ngozi kwa mwenyewe aikague. Usipokuwa na ngozi, umekula. Ukijaribu kulipa mbuzi mwingine aliye hai, mbaya zaidi, umekiri kwamba umekula.

Na hata ngozi zikiwapo, watu hawakutuamini. Walikuja saa ya chakula, eti kusalimia tu, macho yote ndani ya sufuria. Mama alikuwa anafunua kifuniko mwenyewe na kusema: "Sombe. Majani ya muhogo tu. Muangalie vizuri, ni sombe." Wakacheka, lakini wakaangalia.

Mtu mmoja tu hakuja kuchungulia. Alikuwa mama mmoja Mkasai, mgeni wa kutoka mbali, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyekaa nyumba ya matofali kando ya barabara, si mbali na kwetu. Alileta jike moja la rangi ya kahawia lenye tumbo jeupe, akakata sikio la kushoto, mikato miwili na tundu katikati, akaaga, akaenda. Hakurudi mpaka mtoto wa kwanza alipokuwa tayari kuchukuliwa. Ukimya huo ulimtia mama wasiwasi kuliko wale wachunguzi wa sufuria. "Uyu asiyeuliza," alisema, "anawaza nini?"

Mtoto wa pili wa jike lile alikuwa jike dogo lililofanana na mama yake mpaka lile tumbo jeupe. Lilikuwa letu kwa sheria, na baba akanipa mimi, mbele ya mama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikuwa nimewahi kuwa na kitu ambacho kaka zangu wasingeweza kuninyang'anya.

Kisha vita vikafika mjini. Treni ikasimama, chumvi ikapotea, kaka zangu wakapelekwa kwa wajomba msituni, tukabaki watatu. Wenye bunduki walibadilika, leo hawa, kesho wale, lakini wote walipenda mbuzi. Na hapo ukazuka ujanja. Watunzaji wengine mjini walianza kuchinja mbuzi za watu na kula, halafu wanakwenda kulia kwa mwenyewe: "Wenye bunduki wameichukua!" Mwanzoni watu waliwapa pole. Baada ya miezi michache maneno hayo yakawa matusi. Ukiyasema, watu wanakutazama midomo kama ina mafuta.

Siku ilipotufikia sisi ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Jike la mjane lilikuwa na mimba kubwa, halikuweza tena kupanda zizini, basi baba alilifunga kwenye majani karibu na njia. Mama alikuwa mtoni. Watatu wenye bunduki walipita na baiskeli. Hawakuingia hata kwetu. Mmoja alikata kamba, wakamlaza mbuzi juu ya baiskeli, wakaondoka naye akilia. Majirani wote walikuwa wamejifungia ndani, kama ilivyokuwa desturi bunduki zikipita. Tulioona ni mimi na baba tu.

Baba alisimama mikono kichwani. Nikamwambia: "Papa, twende tumuambie yule mama."

"Tumuambie nini? Kama wenye bunduki wameichukua?"

"Si ni kweli!"

"Hata wale wezi wanasema ni kweli. Ngozi iko wapi? Nitamuonyesha nini, kamba?"

Kisha akatazama zizini. Nikayafuata macho yake, na nikajua. Nilikimbia nikamkumbatia mbuzi wangu shingoni, nikamtukana baba kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Hakunipiga. Alisema tu, kwa sauti niliyokuwa siifahamu: "Mwanangu, wakituita wezi, hakuna mutu ataleta mbuzi tena hapa. Tutakula nini? Shika kichwa."

Nikashika. Alikata sikio la kushoto kwanza, mbuzi akiwa hai, mikato miwili na tundu katikati, akapaka majivu ili pale paonekane pa zamani. Halafu akasema bismillahi na kumchinja. Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi. Na nilimchukia mjane zaidi, kwa sababu nilidhani yote ni kwa ajili yake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwake. Baba alibeba ngozi, mimi nilibeba nyama yote kichwani, ndani ya beseni, bila kupunguza hata figo. Tulimkuta ameketi barazani, mkeka umetandikwa, birika liko motoni. Majirani wakaanza kusogea. Baba akaeleza: "Tumbo lilivimba ghafla, nikawahi na kisu kabla haijakufa, pole sana mama."

Mjane akatandaza ngozi magotini. Akaweka kidole gumba juu ya sikio, akafuta majivu.

"Papa," akasema, "miye nilikata sikio mvua mbili zimepita. Hii ingali bichi."

Baba akanyoosha ukingo wa ngozi.

"Njo mbuzi yangu hii? Ndiyo yenyewe?" mjane akauliza.

"Njo yako, mama."

Akamuuliza tena, polepole, akimtazama usoni, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Baba akajibu vilevile: "Njo yako." Ndipo jirani mmoja akamgeukia mjane na kumuuliza kwa sauti: "Mama, ni yako ao si yako?" Na yeye akasema: "Hapana."

Neno moja tu, likatosha. Nyama alikataa kuipokea. Tukairudisha nyumbani, lakini tungeilaje? Mama aliibeba mchana kweupe, akaenda kuitupa mtoni watu wakitazama, katika njaa ile, ili wajue hatukula. Walisema nini? Walisema tumetupa mifupa.

Wenye mbuzi walikuja mmoja mmoja kuchukua mbuzi zao. Walizikagua masikio mbele ya baba, wengine wakilamba kidole na kusugua alama. Beberu akabaki peke yake zizini akiita. Baadaye wenye bunduki walikuja kumchukua naye, na safari hiyo watu waliona, lakini haikumsaidia mtu. Baba aliuza mkaa miaka iliyobaki. Alikufa akiitwa mwizi wa mbuzi. Mjane alikuja matangani, akaketi nyuma, hakusema kitu. Nilimtazama muda wote nikijiuliza amekuja kuhakikisha nini.

Sasa kazi nimeianza tena mimi, kwenye parsele ileile, kiwanja cha baba. Nina beberu wa kahawia niliyemnunua kwa watu wa upande wa Kama, mkorofi kama mimi. Wageni wa mji, wasiojua habari za zamani, wanaleta majike. Watu wa kartie yetu, mtaa huuhuu, hawaleti. Wanapita, wanaangalia zizi, wanasalimia, wanaendelea na safari yao.

Basi mwezi uliopita pikipiki ikasimama mlangoni. Nyuma ya dereva ameketi mama mzee sana, mbuzi mdogo jike magotini. Nilimtambua kabla hajashuka: yule mjane. Nikajisemea: aka, huyu hakuja bure. Ameniletea mbuzi mgonjwa anifie mikononi, wamalizie na mimi.

Sikumpa kiti. Nilimchukua mbuzi nikamkagua kuliko nilivyowahi kukagua mbuzi yeyote. Ufizi mwekundu vizuri. Macho safi. Kwato ngumu. Nikamkandakanda tumbo, nikasubiri mpaka akanya, nikatazama: vipande vikavu, vya afya. Sikuona kosa, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Unatafuta ugonjwa," akasema yule mama.

"Eee, nautafuta."

"Haiko." Akajikalisha mwenyewe kwenye gogo. "Ile siku ya ngozi. Mulichinja mbuzi ya nani?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeandaa majibu makali kwa ajili yake. Yakapotea. "Yangu," nikasema. "Mutoto ya ile yako. Baba alinipa." Na nikaanza kulia kama mtoto wa miaka kumi na mmoja, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilifikiri hivyo. Ngozi ilikuwa ndogo."

"Baba hakula mbuzi yako, mama! Wenye bunduki waliichukua!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Walipita kwangu. Niko barazani, naona mbuzi yangu juu ya baiskeli, inalia. Nikaona sikio yangu niliyoikata. Nikajisemea, baba yule atakuja kuniambia, masikini, atakuja anaogopa. Nikatandika mukeka. Nikaweka chai, nilikuwa na majani kidogo nimeficha. Nikangoja siku ile nzima. Kesho yake akakuja na ngozi."

Nilikumbuka mkeka. Nilikumbuka birika. Katika mji mzima mtu mmoja tu alikuwa tayari kumwamini baba, na ndiye ambaye baba alimpelekea uongo.

Hasira ikanipanda, sikuweza kuizuia. "Na ukanyamaza! Wanamuita mwizi mpaka kaburini, na weye unajua!"

"Nilimuuliza mara mbili," akasema. "Nilimuombea aseme kweli. Halafu nikakasirika. Nikasema, huyu ananiona mujinga ao ananiona mubaya. Nikakaa na hasira yangu. Matangani nilitaka kusema, mudomo ukakataa. Nilikosa, mwanangu. Sasa kila mutu anayenikuta barazani namuambia. Leo nimekuja kwako."

Beberu aligonga pembe kwenye fito. Kwa sababu sikujua la kufanya, nikafanya kazi: nikaingia ndani, nikatoa wembe mpya, nikampa akate alama yake.

Aliutazama, akauweka tena kiganjani mwangu. "Hii sitaikata."

"Mama, bila alama utaijuaje?"

"Utanionyesha weye. Na ikikufa, ao wakiichukua, usiniletee ngozi. Kuja weye mwenyewe. Hata mikono mitupu. Kuja tu, uniambie."

Nilimwambia nitakuja. Kisha, kwa kuwa mtu habadiliki siku moja, nikafungua mdomo wa yule mbuzi mara ya pili kutazama ufizi, lakini machozi yalinizuia kuona rangi yake.