Nilimufundisha Mutoto Asiitike Sauti Yangu

Mimi njo niliharibu mutoto wangu. Sikumupiga, sikumunyima chakula. Nilimufundisha kuwinda mbawala, na nilimufundisha vizuri.

Tunakaa upande ule Masisi inaisha na pori ya Walikale inaanza. Papa yangu alinipeleka kuwinda nikiwa mudogo, na mimi nikasema mutoto wangu wa kwanza naye ataenda. Ni mutoto mwanamuke, iko na miaka kenda. Bibi yangu, mama yake, akaniuliza: "Mutoto mwanamuke anaenda kutafuta nini mu pori?" Nikamujibu kwamba mbawala haiulizake muntu ni mwanamuke ao mwanaume. Nilijiona mwenye akili sana.

Mutoto alijua upesi. Njia ya mbawala, mavi ya leo na mavi ya jana, namna ya kufunga waya ya mutego. Na kunyamaza, alinipita. Mama yake hajaona kimya ya namna ile nyumbani hata siku moja.

Njo nikamupa sheria. Mu pori yetu mbawala haiko peke yake, watu wa bunduki nao wanapita. Nikamuambia: "Nikikuacha fasi, lala chini, ningojee. Ukisikia muntu anakuita jina, usiitike. Hata kama ni sauti yangu. Wanaweza kunikamata na kunilazimisha nikuite. Mimi mwenyewe nitakuja mupaka penye uko, nikushike mukono."

Akasema: "Ndiyo, Papa." Akairudilia yote bila kuacha neno. Nikafurahi.

Asubui moja, mbawala ikakata waya na kukimbia nayo ku muguu. Nikamuacha mutoto chini ya muti mukubwa, nikaifwata. Ukungu ikashuka. Mbawala ikanipotea, nikageuka nyuma, na kila muti ikawa ile muti.

Nikaita. Nikaita mupaka sauti ikakauka. Nikakimbia ku kijiji, watu wakaacha mashamba, wakaja. Mama yake akaita. Katekista wetu akaita, yeye sauti yake inafikaka kilima ya pili. Tulizunguka ndani ya mvula mupaka giza ikaingia. Hakuna aliyeitika. Tulirudi bila yeye.

Kesho yake mama mumoja jirani, aliyekuwa anatafuta kuni, akaona muguu ndani ya majani. Hakuita. Alivuta tu. Mutoto alikuwa baridi, kifua inapiga kelele. Tukamupeleka ku hospitali na pikipiki, wakamutia serumu, ile maji ya dawa ya kuingia mu mushipa.

Alipoanza kusema, nikamuuliza: "Hukutusikia?"

"Niliwasikia."

"Na mimi?"

"Ulipita karibu sana, Papa. Ulikuwa unalia."

"Sasa kwa nini hukuitika?"

"Nilijua wamekukamata."

"Na mama yako? Na katekista?"

"Nilijua wamewakamata wote."

Alisema vile bila hasira, kama anajibu mwalimu ku klasi. Bibi yangu alikuwa pale, alisikia. Hakunitukana. Alitoka inje akalia, na mimi nikabaki naangalia serumu inashuka. Aibu ile, ndugu yangu, sina fasi ya kuiweka. Usiku muzima mutoto wangu alijua mama yake, papa yake na kijiji yote wako mu mikono ya wauaji, na yeye akabaki pale peke yake, ananitii.

Amepona. Amerudi ku masomo, anacheka na wenzake. Lakini mimi nikimuita, haitiki. Anaangalia kwanza mama yake. Mama akikubali kwa kichwa, njo anakuja. Nimemuelezea mara mingi kwamba ile sheria imekwisha. Ananijibu "Ndiyo, Papa", kwa heshima.

Basi wewe Papa unayetaka kupeleka mutoto kuwinda, mupeleke. Mufundishe waya, mufundishe njia, mufundishe kunyamaza. Lakini mupe pia neno moja ya kwenu wawili, ya kumuonyesha kwamba anayeita ni wewe kweli. Mimi sikuwaza ile. Na usimuambie hata siku moja kwamba sauti ya papa yake inaweza kumuua. Inaingia upesi, kutoka haitoki.

Jana mama yake alikuwa ku shamba, nilimuita aje kula. Chakula ilipoa.