Gari Lililovuta Kulia

Pikapu ya kaka yangu ilikuwa na breki tatu. Bomba la mafuta ya breki la gurudumu la mbele kushoto lilianza kuvuja msimu wa mananasi, na fundi mmoja wa Kiwangwa akalikunja, akaligonga kwa nyundo mpaka likaziba. Ilikuwa iwe ya siku hiyo tu, mzigo ufike Bagamoyo. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, bomba limekunjwa vilevile.

Pengine unajiuliza, kama breki tatu zinashika, ubaya uko wapi? Ni swali zuri. Ukikanyaga breki, gurudumu la mbele kulia linashika, la kushoto linaendelea kuzunguka, na gari linavuta kulia, upande yanakotokea magari mengine. Kaka alishazoea. Kila akikanyaga alivuta usukani kidogo kushoto, huku anapiga soga.

Mimi nina kigari changu, na nilimweleza mara nyingi.

"Kaka, weka bomba jipya. Ni kazi ya mchana mmoja."

"Umekuwa fundi lini, mdogo wangu? Mwenzio najaza mananasi mpaka juu na nasimama pale pale ninapotaka."

"Na siku akiendesha mwingine?"

"Nani nitampa gari langu?"

Alimpa mume wangu. Mimi nilikuwa Lugoba, kwa dada yetu aliyejifungua. Kaka alishikwa na homa, na mananasi yalikuwa yameshakatwa. Mume wangu alinisimulia baadaye, akiwa kitandani hospitali, kwamba kabla ya kuondoka alimuuliza, "Shemeji, gari zima?" Naye akajibu kutoka ndani ya blanketi, "Zima, shemeji. Nenda tu."

Mbuzi walikatiza barabara. Mume wangu akakanyaga breki kama mtu yeyote, usukani ameushika sawa. Pikapu ikaruka kulia, ikabamiza mkorosho upande wa dereva. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Nilisubiri kaka aseme neno. Alilolisema, mbele ya watu waliokuja kutupa pole, ni hili: "Hakulizoea gari."

Juzi alikuja nyumbani, pikapu imenyooshwa na kupakwa rangi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Njoo ulijaribu, mdogo wangu. Bomba jipya, pedi mpya. Mchana mmoja tu, fundi kamaliza!"

Nikachukua ufunguo. Nilifanya vile ambavyo nawe ufanye kila unapopewa gari la mtu, hata akikuapia: nikatafuta barabara tambarare isiyo na watu, nikaenda polepole, nikalegeza mikono kwenye usukani bila kuuachia, nikakanyaga breki. Likivuta upande wowote, rudisha ufunguo.

Halikuvuta. Lilisimama limenyooka.

"Umeona?" kaka akasema niliporudi, anacheka.

Barazani, mume wangu alikuwa ameinama, anapapasa chini ya kiti kutafuta gongo lake la kutembelea lililoanguka.