Besi Aliyeimba Westerville Akiwa Kazini Tonawanda

Kwenye DVD ya kwaya yetu kuna mwanaume amesimama mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto, anaimba besi. Tulirekodi Westerville, Ohio, Jumamosi mchana. Saa hiyohiyo mwanaume huyo alikuwa Tonawanda, kaskazini ya Buffalo, katika kiwanda cha vifuniko vya plastiki, akihudumia mashine. Kati ya huku na kule ni mwendo wa saa tano kwa gari. Hajafa, wala hana pacha. Anaitwa Jakobo, yuko hai, na juzi tu alinitumia salamu.

Najua unavyonitazama. Lakini mimi si mtu wa kukimbizana na hadithi za majini. Mimi ni mtu wa daftari: kila nikirekodi naandika saa, wimbo na majina ya waimbaji. Nitakusimulia kama nilivyoandika.

Kwaya yetu ilizaliwa milimani, Kivu Kusini, halafu ndege za wakimbizi zikaigawa. Sisi tulishushwa Louisville, tukapanga nyumba mtaa wa Iroquois. Wengine walipelekwa Columbus, wengine Buffalo. Miaka ile simu zilikuwa tayari zinaonyesha kila kitu, lakini mama zetu walitaka diski. Mama anarudi kutoka kazi ya kutunza wazee, anavua viatu, anaweka DVD, anaimba pamoja na televisheni mpaka ugali unaungua. Mimi nilifanya kazi ghalani siku tano, na Jumamosi nilikuwa mpiga picha wa kwaya.

Tulipanga miji yote mitatu tukutane Westerville, jirani na Columbus, turekodi pamoja. Shida ikawa besi. Wawili walikuwa wamehamia Iowa kwenye viwanda vya nyama, akabaki Jakobo peke yake. Siku tatu kabla ya safari akanipigia.

"Kaka, sitakuja. Bosi amekatala. Niko na pointi sita."

Kiwandani kwao ukikosa siku ya kazi bila ruhusa unaandikiwa pointi. Ya saba unafukuzwa. Jakobo ana watoto wanne.

"Tutaimbaje bila besi?" nikamuuliza.

"Muimbe tu. Mimi nitaimba huku kwa mashine."

Nilicheka. Wewe usingecheka?

Siku yenyewe ilikuwa na theluji. Ukumbini tulitundika bango kubwa nyuma ya jukwaa, kama tunavyofanya siku zote: jina la kwaya, majina ya miji mitatu, na tarehe kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Wimbo wa kwanza uliimbwa bila besi, ukawa unaelea tu. Niliinama kurekebisha kamera. Nilipoinua kichwa, Jakobo alikuwa amesimama mstari wa nyuma, amevaa shati la kitenge la bluu, sare yetu.

Nilifurahi kiasi cha kupanda jukwaani.

"Umepata ruhusa?"

"Bon, tuimbe, kaka. Niko na dakika kidogo tu."

Nikampa mkono. Niamini: mkono ule ulikuwa wa moto, umelowa jasho, unanuka plastiki iliyoyeyuka. Theluji yote ile nje, na yeye anatoka jasho! Nikaandika kwenye daftari: Jakobo amefika, saa tisa na dakika tano. Kisha akaimba, na kwaya nzima ikakaa sawa. Akina mama walirusha vitambaa, mwalimu wa kwaya akapoteza kiatu akicheza.

Baadaye, kwenye chakula, wapakuaji wanasema Jakobo alichukua sahani mbili za sombe, kisamvu chetu. Halafu hakuna aliyemwona akiondoka. Tulimnung'unikia kwamba hakuaga, basi. Nani angefikiria jambo lingine?

DVD ikatoka, ikasafiri. Huko Tonawanda kijana mmoja wa kwetu akaiweka kwenye kompyuta yake wakati wa mapumziko. Bosi akapita nyuma yake na chai mkononi, akasimama. Kiswahili hajui, ila sura ya mfanyakazi wake anaijua, na tarehe anaweza kuisoma. Akaona jibu moja tu: Jakobo alikwenda kuimba, na mtu mwingine akampigia kadi ya mahudhurio na kukaa kwenye mashine yake.

Jakobo alinipigia simu. "Kaka, umeniua na bango lako!"

"Kwani si ulikuwepo?"

"Wapi?"

"Westerville."

"Kaka," akasema, "ule siku nilikuwa kwa mashine. Toka asubui."

Bosi alitaka kumsikia aliyepiga picha. Nikaomba ruhusa ya Ijumaa ghalani, nikabeba kompyuta na daftari, nikaendesha mpaka Buffalo. Njia nzima nilikuwa na swali moja. Nikisema hakuwepo, nimesema uongo, maana nilimshika mkono. Nikisema alikuwepo, watoto wanne wamekosa mshahara wa baba yao.

Nyumbani kwake mke wake, Mama Riziki, alinipokea kwa mashitaka. "Baba, uniambie kweli. Ule siku alirudi kazini, nikamupa bugali, akakatala. Eti ameshiba. Ameshiba nini? Sombe. Sombe ya wapi? Haijui! Donc nikajua kuko mwanamke ananipikia bwana."

"Nilisikia tu tumbo imejaa," Jakobo akasema, ameinamisha kichwa kama mtoto. "Nilikuwa naimba kwa mashine, nawaza nyinyi. Nilikuwa na hamu sana. Njo vile tu."

"Kesho niseme nini?" nikamuuliza.

"Useme ukweli."

"Ukweli wangu unakufukuza kazi."

"Basi useme polepole," akasema Mama Riziki, tukacheka sote watatu, lakini hakuna aliyemaliza chai yake.

Ofisini nilisema ukweli, na polepole. Nilimwona Westerville, nilimshika mkono, nimeandika saa. Jakobo alifumba macho. Bosi, mzungu mnene mwenye sauti ya upole, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akafungua picha za kamera ya kiwandani ili atuonyeshe huyo tapeli aliyekaa kwenye mashine.

Alikuwa Jakobo. Uso wake, kofia yake, na midomo inacheza.

Niliweka kompyuta yangu kando ya ile ya kwake. Tukalinganisha saa za kamera zote mbili, tukaziacha ziende. Jakobo wa Westerville akafungua mdomo. Jakobo wa Tonawanda akafungua mdomo. Huyu akavuta pumzi, na yule akavuta. Kwaya ilipogeuka kulia kucheza, mtu wa kwenye mashine naye akageuka kulia, na vifuniko vinne vikaanguka chini.

Bosi aliirudia mara tatu. Akaketi.

"Sasa," akasema, "nimfukuze yupi?"

Akaomba nimwachie DVD, akasema ataamua Jumatatu.

Hakungoja Jumatatu. Jumapili, tukiwa tunatoka kanisani, alinipigia na kuniambia niweke diski na niende mwisho kabisa, pale watu wanapokula. Tuliweka nakala ya Jakobo sebuleni kwake. Katikati ya mama wawili wa Columbus, kwenye benchi, ameketi mzungu mnene aliyevaa fulana ya njano ya kiwandani. Ana sahani ya sombe mapajani na anatafuna amefumba macho.

"Siku hiyo sikutoka ofisini," bosi akasema kwenye simu. "Nakumbuka niliwaza tu, laiti ningekuwa mahali pengine." Kisha akamwambia Jakobo aje kazini kama kawaida, na barua ya kumwachisha kazi ameichana.

Tangu hapo Jakobo akiomba ruhusa hakataliwi. Bosi anamwambia ni afadhali aende mzima. Mama Riziki naye haulizi tena habari za mwanamke, ila mumewe akirudi ameshiba anataka kujua ni mji gani na nani alipika. Na wewe unayerekodi kwaya, sikia neno langu: kabla hujawasha kamera, mpe kila mwimbaji mkono, na yule ambaye mkono wake unanuka kazi muulize amejiacha wapi. Mimi siku hizi nauliza. Wananicheka, lakini wanajibu.

Lipo jambo moja limenishinda. DVD ile niliihariri mwenyewe, nikaitazama mwanzo hadi mwisho kabla ya kunakili, na hamkuwa na watu wanaokula wala mzungu. Sasa yuko kwenye kila nakala, Louisville, Columbus na Buffalo. Picha yake imechukuliwa kwa karibu, kutoka nyuma ya meza ya chakula. Kamera tuliyokuwa nayo siku ile ilikuwa moja tu, na wakati watu wanakula nilikuwa nimekwisha kuizima na kuifungia kwenye begi.